Kuupima Udongo
Mvua ikinyesha Mpwapwa, maji ya makorongoni huwa mekundu, nasi twashukuru kwa mvua tu. Mwaka 1933 wataalamu huko walianza kupima udongo uchukuliwao na maji: ardhi tupu ilipoteza mwingi, penye majani karibu hakuna. Je, kipimo chake mtu champa haki ya kumwamuru mwenziwe? Mwaka 1979 Serikali iliondoa ng'ombe katika eneo la Kondoa lililomomonyoka. Majani yalirudi, na miti pia. Lakini ng'ombe ndio mahari, maziwa, na akiba ya siku za njaa. Twaona yafaa mwenye ng'ombe mwenyewe apigilie kijiti hatua kumi kutoka ukingoni mwa korongo, azihesabu tena kila kifuku kiishapo. Zikibaki saba, atajua kabla bwana shamba hajafika.