Imani na Mageuzi ya Dunia

Neno imani ni jepesi kutamka na zito kuchukua. Aghalabu mtu humwamini Mungu kama mchuuzi anavyomwamini mteja wake: hutoa sala, kisha hungoja malipo. Mvua ikinyesha husifu. Ikikosa hunung'unika kama aliyedhulumiwa. Hiyo si imani, ni biashara. Imani ya Kikristo hutaka jambo gumu zaidi, yaani Mungu atumainiwe kwa kuwa ni Mungu, si kwa kuwa siku ni njema. Ayubu alipopotewa na mali, watoto na afya, rafiki zake waliisoma dhiki yake kama hukumu. Walijua kuhesabu, lakini hawakujua kuamini.

Swali la Ayubu lilipata kuulizwa katika milima ya Usambara. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Mlalo, na baadaye kazi yao ikaenea Vuga, Bumbuli na kwingineko. Chini ya milima hiyo, Magila katika nchi ya Bonde, Waanglikana kutoka Uingereza walikuwa wamewatangulia. Vita ilipozuka mwaka 1914, Wajerumani waliokuwa wakitawala waliwafunga wamisionari wa Kiingereza; walimu wa Kiafrika waliofundishwa nao walishukiwa, wakatiwa vifungoni na kuteswa. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliitwaa Usambara, na zamu ikageuka. Ilipofika mwaka 1920 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa nchini. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, ulipata bwana mpya. Sharika za milimani zilipoteza wachungaji waliozilea.

Kama ushindi ungekuwa dalili ya ukaribu wa Mungu, ingebidi kusema kwamba katika miaka miwili Mungu alilihama kanisa moja akaenda jingine, akifuata bendera. Hapana mwenye akili awezaye kulikubali neno hilo. Pande zote mbili zilimwomba Mungu mmoja, na zote zilionja uchungu. Basi hali ya dunia si mizani ya kumpimia Mungu.

Walakini fundisho hili lina pingamizi lenye nguvu. Huweza kugeuzwa dawa ya usingizi. Mtawala mwovu hupenda raia wasemao kwamba kila jambo ni mapenzi ya Mungu, na mvivu hupenda neno lilo hilo. Kumhimiza mwenye njaa avumilie, hali msemaji ameshiba, ni ukatili uliovikwa joho la dini.

Jibu la pingamizi hilo lilitolewa Usambara kwa vitendo. Walimu na wazee wa makanisa waliobaki hawakukunja mikono. Waliendelea kufundisha na kuongoza ibada, hata baadhi ya wamisionari waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, walikuta makanisa yangali hai. Waliodhaniwa kuwa watoto katika imani walionekana kuwa walezi. Mwaka 1963 kanisa la milima hiyo liliungana na mengine kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Mkulima wa Lushoto analielewa jambo hili bila kitabu. Shamba lake limelala kwenye mteremko. Anajua kwamba mvua ya masika huweza kuotesha mahindi, na huweza kuuchukua udongo wote mpaka bondeni. Hana mamlaka juu ya wingu; ana mamlaka juu ya jembe. Huchimba matuta, hupanda, kisha humwachia Mungu. Asiyechimba akasema anamtumaini Mungu, anamjaribu; achimbaye akadhani ameimiliki mvua, anajidanganya. Jirani yake Mwislamu huita jambo hili tawakali, naye hulima mteremko uo huo.

Hata hivyo, kutumaini si kuuita uchungu utamu. Tuta jema hubomoka mwaka wa gharika, na sala njema huzika mtoto. Ayubu alilia, akahoji, akalalamika. Hakunyamaza wala hakuondoka. Huenda hiyo ndiyo alama ya imani: si jicho kavu, bali mtu kuupeleka uchungu wake kwa yule yule aliyemshukuru siku ya mavuno.