Digrii Ni ya Nani?

Desemba iliyopita niliteremka basi pale stendi ya Same, jua la saa nane likiwaka kama kawaida yake, na bodaboda wa kwanza kunikimbilia alikuwa mtu niliyekaa naye darasa moja chuoni miaka mitatu. Tulicheka, tukakumbatiana. Kisha akaniambia, "Ukiniandika, usinifanye shujaa. Nilitafuta kazi nikakosa, basi."

Kauli hiyo imenikaa. Sisi waandishi tunaipenda mno hadithi ya msomi aliyejiajiri. Inawafurahisha wasomaji na inawaondolea wakubwa lawama. Ila inaruka swali lenyewe: ukishasomeshwa, nani anakudai, na anakudai nini?

Mwalimu Nyerere alikuwa na jibu. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kurudi na chakula. Akila asirudi, ni msaliti. Hakuwa anatania. Oktoba 1966 wanafunzi, wengi wao wa chuo kikuu, walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza karibu 400.

Mimi mfano huo unanigusa moja kwa moja. Safari yangu ya chuo ilianza na ng'ombe wa baba, michango ya ukoo na bahasha iliyopitishwa kanisani. Mkopo wa Bodi naulipa. Asilimia 15 ya mshahara inakatwa kabla sijauona, na siku moja utaisha. Deni la ukoo halina risiti, kwa hiyo sijui nimebakiza kiasi gani.

Kesho yake nilipanda Mamba kumwona mwenzetu wa tatu. Huyu alisoma sosholojia, leo analima tangawizi. Mjomba wangu humsema waziwazi: "Amekula ada ya watu, akarudi kushika jembe lilelile aliloliacha."

Lakini mjomba hajaliona daftari lake. Madalali hununua tangawizi kwa lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa mpaka linaota kilemba juu, halafu linahesabiwa moja. Jamaa alianza kupima kila gunia kwenye mizani na kuandika: kilo, bei, tarehe. Msimu ulipoisha, daftari likaonyesha kilo ngapi zimeondoka bure. Akawaita majirani, akawauliza, "Nani aliamua kwamba hili ni gunia moja?" Sasa wachache wao wanauza kwa kilo. Wachache, siyo wote. Mwenye mgonjwa ndani au mtoto aliyerudishwa shule hawezi kumsubiri mnunuzi mwenye mizani.

Nilitaka kushangilia kwamba hii ndiyo kazi ya chuo. Kisha nikakumbuka mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani wakapiga kambi hapahapa Same, kupinga kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Wengi wao hawakuwa wasomi, lakini swali lao lilifanana na la daftari: mmehesabuje? Leo tunaijua habari hiyo kwa kina kwa sababu Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyesoma hadi Marekani na kuwa profesa Dar es Salaam, aliiandikia kitabu. Wazee hawakumhitaji awafundishe kuhoji. Walihitaji mtu wa kuitunza kumbukumbu isipotee.

Kwa hiyo sidhani kama chuo ndicho kinachompa mtu swali. Kinampa muda, maneno, na tabia ya kuweka ushahidi. Kazi atakayoipata baadaye inaamuliwa na mengi: soko, bahati, anajuana na nani. Ndiyo maana kumpima mtu kwa cheo, kama mjomba anavyofanya, ni kumwonea.

Hata mfano wa Mwalimu una pengo. Unachukulia kwamba huko mbali chakula kipo. Je, mtu akifika akakuta ghala limefungwa? Kurudi mikono mitupu si usaliti. Rafiki yangu wa bodaboda hajala chakula cha mtu akakimbia. Alifika, akagonga, hakufunguliwa. Kijiji kinaweza kumdai jambo moja tu: kiambiwe ukweli kwamba ghala limefungwa. Naye hausiti kuusema.

Anayepaswa kujieleza ni mimi. Mimi nilifunguliwa mlango. Nina karibu miaka kumi kwenye vyumba vya habari, nimeandika uzinduzi wa kila aina, viongozi wakikata utepe. Kuhusu lumbesa ya Mamba sijawahi kuandika hata aya moja, na magunia hayo nayafahamu tangu nasoma shule ya msingi. Mjomba kwangu hana neno, kwa sababu jina langu linatoka gazetini.

Siku ya kuondoka, rafiki yangu alinipeleka stendi. Nauli aliipokea bila kusita. Ni kazi yake. Nikamwomba ruhusa ya kuandika aliyoniambia.

"Andika nilikosa kazi," akasema akiwasha pikipiki. "Usiongeze."