Nianzie Wapi, Pasta?

Somo: Luka 14:28-30, Jona 4:6-8

 

Jumapili iliyopita nilisimama madhabahuni na ujumbe ambao sikutaka kuuhubiri. Nilikuwa nimeandaa mwingine, mzuri tu, wenye pointi zake. Lakini tangu Februari Roho wa Mungu amekuwa akinisumbua kwa jambo la nyumbani kwangu, na siku hiyo asubuhi nikashindwa kuendelea kulibeba. Kwa wale waliokuwa safarini, na kwa wale waliokuwepo lakini wakasikia nusu kwa sababu ya joto la pale kanisani, naliandika hapa.

Si mnajua jua la Wote. Kuanzia Januari mwishoni mpaka mvua ya Machi ianguke, ukiingia nyumba ya mabati saa nane mchana ni kama umefunikwa na sufuria. Bati likipigwa na jua linapata moto, na moto huo haukai juu, unakuja chini kwa kichwa chako. Wazee wetu waliezeka kwa nyasi na hawakujua shida hii. Sisi tukaendelea, tukapata mabati, tukaanza kulala nje.

Mwaitu, mama yangu mzazi, tunaishi naye. Tulimtoa kijijini kwa sababu ya presha, awe karibu na hospitali. Chumba chake kiko upande wa magharibi, jua la jioni linakimaliza. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikuwa anachukua kigoda chake anaenda chini ya mwembe, anakaa huko mpaka usiku saa tatu au saa nne. Nilikuwa nawaambia wageni, "Mama yangu anapenda sana ule mwembe." Hata hapa kanisani niliwahi kuutolea mfano, mama wa maombi chini ya mti. Mkasema amina.

Siku moja mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mama hapendi mwembe. Mama anakimbia chumba."

Hapo ndipo nilianza kutafuta dawa ya lile joto. Kijana mmoja akanieleza kuhusu povu linalopulizwa chini ya bati. Zinakuja dawa mbili za maji katika madramu, mashine inazichanganya kwenye mdomo wa bomba, zikigusa bati zinafura na kukauka papo hapo, zinakuwa kama ukuta mwepesi uliojaa hewa ndani. Joto linakwama hapo. Ni kitu hicho hicho kinachowekwa katikati ya kuta za vyumba baridi vya kuhifadhia vyakula. Nikafurahi. Nikapiga simu kwa ndugu zangu wote, nikawaambia mama anateseka, tumtengenezee. Wakatuma kwa M-Pesa. Mimi nikaongeza pesa za ndengu, nikaongeza mkopo wa chama. Na kwenye chama pia nilisema hivyo hivyo: ni kwa ajili ya mama. Nataka mkumbuke neno hilo, kwa sababu litarudi.

Sasa tufungue Luka 14. Bwana Yesu anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiyeketi kwanza kuhesabu gharama, aone kama anazo za kumaliza. Asipofanya hivyo ataweka msingi, atakwama, na watu watamcheka. Mpendwa, angalia lile neno kuketi. Mimi sikuketi. Mimi nilihesabu nikiwa nimesimama, simu kwa sikio, nangoja kuingia kwa mkutano. Fundi wa kutoka Nairobi aliniuliza, "Pasta, nyumba yako ni mita ngapi?" Nikajibu haraka, kumi kwa nane. Akasema mita mraba 80, na bei yake kwangu ilikuwa shilingi 1,800 kwa mita, kwa hiyo 144,000. Nilikuwa nazo 150,000. Nikasema Haleluya, Bwana ni mwaminifu, na zinabaki.

Lakini hiyo 80 ni sakafu. Povu haliwekwi sakafuni! Linawekwa chini ya bati, na bati limelala kwa mteremko, kwa hiyo lina eneo kubwa kuliko sakafu. Kwa mwinamo wa paa langu, zile 80 zinakuwa 92. Halafu kuna zile pembetatu mbili za juu, mwisho huu wa nyumba na mwisho ule, ambazo mimi nilizifunga kwa mabati wakati pesa za matofali ziliisha. Nazo zinapata moto kama paa. Zote mbili ni karibu mita 19. Jumla 111. Ukizidisha kwa ile bei ni 199,800. Nilikuwa nimekosa karibu shilingi elfu hamsini, na sikujua. Ukipima dari ya kawaida, silingi ya mbao au ya jipsamu, unapima sakafu na unakaribia ukweli. Ukipima povu la chini ya bati, panda ngazi. Hilo andika mahali.

Na bado sijawaambia mengine ambayo sikuyahesabu. Mabati yanayovuja hubadilishwa kwanza, kwa sababu povu likishafunika tundu, maji yatapita pengine na hutajua yanatoka wapi. Nyaya za stima zinakaguliwa kabla hazijafunikwa. Familia inatoka kwa nyumba wakati wa kupuliza na hairudi mpaka angalau kesho yake, kwa sababu ile hewa si ya kuvuta. Kwa hiyo mahali pa kulala na chakula viko kwenye bajeti. Na kubwa kuliko zote, povu hili haliachwi wazi. Likishika moto linawaka vibaya na moshi wake ni sumu, kwa hiyo linafunikwa kwa bodi ya jipsamu au kitu kama hicho, na jikoni kwa kuni ndiyo usifikirie kabisa kuliacha wazi. Hiyo bodi ni gharama nyingine nzima. Mtu akikupa bei ya povu peke yake, hajakupa bei ya kazi. Simlaumu fundi wangu, maana aliniambia haya yote kwenye simu nami nikawa najibu "sawa, sawa".

Siku ya kazi ikafika. Pikapu na mashine ndani ya boma, majirani wamesimama kwa ua. Fundi akavaa mavazi yake, akafunika uso, akanigeukia akauliza:

"Nianzie wapi, pasta?"

Wapendwa, kuna maswali ambayo Mungu hutuuliza kupitia kinywa cha mtu ambaye hata hajui anatumwa. Nilijibu bila kufikiria. Nikasema, "Anzia sebuleni."

Kwa nini sebuleni? Kwa sababu wazee wa kanisa huketi hapo. Kwa sababu Askofu akija huketi hapo. Baada ya sebule nikasema chumba chetu, maana ndiko ninakoandalia mahubiri, nikajiambia hiyo ni kazi ya Bwana. Halafu vyumba vya watoto, kwa sababu ya shule. Kila chumba nilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa nzuri. Saa kumi jioni mashine ikanyamaza. Dawa imekwisha. Kilichobaki ni stoo, na chumba cha mwaitu.

Nyumba yangu kuta za ndani zimepanda mpaka batini, kwa hiyo usifikirie ubaridi wa vyumba vingine ulimfikia. Ule usiku tuliporudi, sebule ilikuwa nzuri kweli. Chumba chake kilikuwa vile vile. Nilimwomba fundi arudi wiki ijayo, akaniambia ukweli: kusafirisha mashine kutoka Nairobi mpaka Wote kwa ajili ya chumba kimoja, safari yenyewe itazidi kazi. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Mwaitu hakusema kitu. Alichukua kigoda akaenda kwa mwembe.

Hapo ndipo Jona alinipata. Tunapenda Jona wa samaki, lakini soma sura ya 4. Mungu alimwoteshea mtango ukampa kivuli, Jona akaufurahia sana. Kesho yake mdudu akauharibu, upepo wa moto ukavuma, jua likampiga kichwani mpaka akazimia na kuomba afe. Kama umekaa Makueni huhitaji mchungaji akufafanulie mistari hiyo. Mungu akamuonyesha Jona kwamba alihuzunikia kivuli chake mwenyewe, na nyuma yake kuna mji mzima wa watu ambao hakuwa na habari nao. Nami nilikuwa ndani ya kivuli changu nikisikia raha, na nyuma ya ukuta kuna mtu. Tena ni mtu ambaye kwa jina lake niliomba pesa.

Nimehubiri Hagai hapa mara nyingi. Mnakumbuka, wale watu waliokaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao na nyumba ya Bwana imebomoka. Na kila nilipomhubiri, nilimhubiri kuelekea kwenye bahasha ya ujenzi. Nisameheni kwa hilo. Si kwamba nilikosea, lakini nilidhani nyumba iliyoachwa lazima iwe kanisa. Paulo anamwandikia Timotheo, ile barua ya kwanza 5:8, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Haongezi "isipokuwa wachungaji".

Kosa la hesabu lilikuwa kosa, lakini lingesameheka jioni ile ile. Mtu anaweza kukosea mita 31. Kama ningesema "anzia chumba cha mama", zile zile 80 zingemtosha na kubaki, na joto lingebaki sebuleni, na wazee wangejipepea na vitabu vya nyimbo kama wanavyofanya hapa kanisani. Pesa zilizopungua zilinionyesha tu nani nilikuwa nimemweka mwisho. Zingetosha, nisingejua mpaka leo, na ningesimama hapa kutoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyompa mama yangu chumba.

Tulizungumza na mke wangu usiku huo. Yeye ndiye alisema, sikusema mimi. Asubuhi tukahamisha vitanda. Mwaitu analala chumba chetu, sisi tunalala chake. Alikataa siku mbili, alisema haifai mchungaji wa watu kulala chumba cha jua. Nikamwambia, "Mwaitu, mchungaji wa watu ndiye alikiacha." Akanitazama kwa muda, akaenda kukunja nguo zake.

Halafu nikawapigia ndugu zangu mmoja mmoja. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko vitanda. Mdogo wangu alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akanyamaza, akasema, "Asante kwa kuniambia." Kwenye chama pia nimeeleza. Kuna mama mmoja alinikasirikia, na alikuwa na haki.

Sasa tunaweka akiba upya, safari hii tukiwa tumeketi. Kwanza ni bodi ya kufunika povu lililopo, kwa sababu ya moto, tukianza na chumba anacholala mwaitu. Povu lingine halirudi. Chumba cha magharibi tutakipaka bati rangi nyeupe kwa juu, kwa sababu rangi nyeupe hurudisha jua, tutatoboa matundu ya hewa kwenye ile pembetatu, na baadaye dari ya mbao ya kawaida. Ni bei ya chini sana, na kwa wengi wenu naona hiyo ndiyo ya kuanzia. Wengine mlikuwa mmeniuliza namba ya fundi. Nitawapa. Lakini njooni kwanza tupime pamoja, shemasi mmoja ana tepu ndefu na ngazi.

Na kamati ya ujenzi, najua mna mpango wa kuweka dari hapa kanisani. Nimeona ule mchoro. Unaanzia madhabahuni na kwenye viti vya mbele. Kule nyuma, kando ya mlango wa magharibi, ndiko wanakoketi kina mama wenye watoto wachanga. Naomba tuketi tena Jumatano.

Mwaitu yeye ana lalamiko moja tu. Anasema chumba kile ni kizuri, kina baridi, lakini hasikii mvua. Mtu aliyezaliwa Ukambani akalala mvua ikinyesha bila yeye kujua, anaona ameibiwa. Povu linanyamazisha bati. Kwa hiyo mvua ya kwanza ya Machi ilipotua saa tisa usiku, ikapiga bati tupu juu yetu kama mawe, niliamka nikavaa shati, nikaenda kumgongea mlango.

"Mwaitu," nikamwambia, "imekuja."

Akatoka na shuka, tukasimama sote sebuleni, tukafungua mlango wa nje.