Kubaki Nako ni Kuhama

Fundi wangu ni kijana wa Kiislamu, nami nilikuwa katekista miaka kumi na tisa, kwa hiyo huniita Mwalimu hata anaponidai hela. Juzi alifungua kompyuta ya steshenari yangu hapa Ifakara, akapuliza vumbi la pumba lililoganda kwenye feni, akasema, "Mwalimu, hii Intel imefika mwisho. Hamia AMD."

Hilo "hamia" lilinichoma. Parokiani tunalitumia kwa muumini aliyekwenda kwa walokole.

Prosesa yenyewe ni ya kizazi cha nne, ya 2013. Windows 10 iliachwa na wenyewe Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haiipokei rasmi. Nikamwambia aniwekee Intel mpya kwenye madabodi hii hii, maana sisi wengine hukaa tulipo. Akacheka. Alishika RAM yangu ya DDR3 akaisimamisha kando ya DDR4, akanionyesha kwa ukucha kile kijikato cha chini: kimesogea kidogo tu, lakini haiingii. Soketi yangu ina pini 1150. Intel za sasa zinataka 1700 au 1851. "Ukihama, unanunua madabodi na RAM. Ukibaki, unanunua madabodi na RAM."

Basi uaminifu wangu ulikuwa kwa nini? Kwa kibandiko cha bluu? Nimewahubiria watu udumifu miaka yote hiyo, na sikuwahi kujiuliza ni wangapi walidumu kwa sababu tu nauli ya kuondoka iliwashinda.

Pale Kidatu reli mbili hukutana bila kuoana. Ile inayoshuka kutoka Kilosa ina upana wa milimita 1000, ya TAZARA 1067. Mzigo hushushwa behewa hili ukapandishwa lile, kwa ajili ya milimita 67. Saruji inabaki saruji.

Binadamu je? Bibi mzaa mama alizaliwa Mwislamu, akabatizwa alipoolewa, akapewa jina la mtakatifu ambalo majirani hawakulitumia hata siku moja. Nguruwe hakumgusa mpaka anaingia kaburini. Ramadhani ikifika, uji wake ulizidi pilipili manga. Nikiwa katekista mpya, mwenye kiburi cha cheti, nilimwuliza kama kweli alihama. Akanipa ungo nipepete mchele.

Nilikuja kumwelewa baadaye, nikifundisha watoto katekisimu. Imani, dhambi, toba, sadaka, malaika: maneno hayo yote Kiswahili kiliyapata kwa Waarabu. Bibi alivuka na maneno yake, akayakuta yamemtangulia ng'ambo.

Na Intel? Fundi alinieleza huku akifuta ile gundi nyeupe iliyokauka juu ya prosesa. Lugha ya biti 64 zinayoisema kompyuta zetu za mezani iliandikwa na AMD, ikatoka kwenye prosesa zao 2003. Intel walikuwa na lugha yao nyingine ya biti 64, waliyoisukuma kwa fedha nyingi. 2004 wakaanza kuitumia ya AMD. Kumbe muda wote nilipokuwa nikijiita mtu wa Intel, mashine yangu ilikuwa inasali kwa maneno ya jirani.

Nilikubali kuhama. Ilinigharimu magunia sita ya mpunga niliyokuwa nasubiri yapande bei, na mke wangu bado hajanisamehe.

Jana jioni kijana aliiwasha. Diski ni ile ile, na ratiba ya mazishi niliyoiacha nusu ilifunguka palepale kwenye wimbo wa kuingilia. Ila chini kwenye kona Windows ilikuwa imeandika kwamba haijathibitishwa, kwa kuwa leseni ilifungwa kwenye madabodi ya zamani.

"Inataka ubatizo, Mwalimu," akasema, akaendelea kukaza skrubu.