Nusu ya Nyumba

Rwanda ilipotunga sheria ya mali za wanandoa mwezi Novemba 1999, iliwapa waoanao hiari ya kuchagua mojawapo ya taratibu tatu. Waliochagua kuchanganya mali yote, wakipeana talaka, waligawana sawasawa mali na madeni. Neno hilo la pili husahauliwa siku ya arusi, likakumbukwa mlangoni pa benki.

Na tuchukue mfano wa kubuni. Mume na mke wa Nyamirambo, mjini Kigali, wana nyumba yenye thamani ya faranga 60,000,000, iliyowekwa rehani kwa majina yao wote wawili. Deni lililosalia ni 36,000,000. Mahakama yaamuru mke abaki na nyumba, alichukue deni lote, na amlipe mwenziwe 12,000,000 katika miezi sita. Hesabu ni safi. Lakini sasa mke ahitaji 48,000,000 kwa mshahara mmoja, hali mkopo wa kwanza ulitolewa kwa kutazama mishahara miwili. Benki yakataa. Nayo haikuwamo kesini, basi hukumu haikulifuta jina la mume katika mkataba. Miezi sita yapita. Mume amepanga chumba Kimisagara, wala hawezi kukopa ajenge kwake, kwani angali mdaiwa wa nyumba asiyolala.

Ni nani aliyekosa? Wako wasemao kwamba amri ni amri, aliyeshindwa na auze. Wengine husema asiyekuwa nacho halaumiwi. Mimi naona wote wamechanganya kushindwa na kunyamaza. Kukosa fedha si kosa. Lakini siku benki ilipokataa, mke alijua jambo ambalo mwenziwe hakulijua, na kila mwezi aliolificha aliishi kwa gharama ya uhuru wa mtu mwingine. (Kiswahili chetu, walimu wenzangu, hutumia neno moja, kukomboa, kwa rehani na kwa mateka, sidhani kuwa ni kwa bahati tu.)

Sasa bei ikipanda hadi 72,000,000 je? Mume adai nusu ya bei mpya. Mke ajibu kuwa amelipa peke yake. Yafaa tuyatenganishe malipo hayo: yaliyopunguza deni lenyewe arudishiwe nusu yake, bali riba aihesabu kuwa ni kodi ya kukaa humo. Ama ongezeko la bei, mume ana haki nalo. Lau nyumba ingalinadiwa kwa bei isiyotosha deni, benki ingalimdai yeye pia. Aliyebebeshwa hatari ya hasara atanyimwaje faida?

Hata hivyo haki hiyo nayo ina mpaka. Mume akiletewa mnunuzi wa bei nzuri, akakataa kutia sahihi kwa kungojea bei ipande tena, amekwisha kuwa yeye ndiye mfungaji, na hasara ya tangu siku hiyo ni yake.