Je, Ni Haki Kustarehe Mahali Palipomwagika Damu?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inaonekana wazi kando ya Ziwa Kivu. Mgeni anapofika, mwenye boti hupata nauli, muuza sambaza hupata wateja, na kijana wa hotelini hupata mshahara. Rwanda haina bahari, kwa hiyo mtu wa Kigali anayetamani ufukwe, gati na upepo wa maji hushika barabara ya magharibi. Huanzia Rubavu, mji ambao wengi bado wanauita Gisenyi, penye mchanga na nyumba za zamani za wakati wa ukoloni, jirani kabisa na Goma. Kisha hufuata barabara ya lami inayopinda juu ya vilima kupitia Rutsiro hadi Karongi, halafu Nyamasheke, na mwisho Rusizi inayotazamana na Bukavu.

Ni safari nzuri, lakini ndani yake limo swali gumu. Huko Karongi, katika mji wa Kibuye, kuna kanisa la mawe juu ya rasi inayoingia ziwani. Tarehe 17 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu waliokimbilia kanisani humo na katika nyumba ya wageni ya Home Saint-Jean waliuawa. Kesho yake ilikuwa zamu ya waliokusanyika katika uwanja wa Gatwaro. Katika milima ya karibu ndiko Bisesero, ambako watu walijitetea kwa mawe na mikuki. Kumbukumbu ya Bisesero iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Leo mtu akisimama karibu na kanisa lile huona visiwa, maji matulivu na boti za watalii. Je, ni haki kuogelea, kula na kucheza muziki mahali kama hapo?

Wapo wanaosema si haki, na hoja yao si nyepesi. Furaha nayo ni aina ya usemi. Mtu akipiga muziki karibu na nyumba yenye matanga, hata kama hakutamka tusi lolote, wafiwa wamemsikia. Amewaambia kwamba msiba wao haumhusu. Kwa hoja hii, anayestarehe Kibuye anawaambia marehemu jambo hilohilo.

Wengine hujibu kwamba ziwa halikuua mtu. Waliofanya uovu ni watu wenye majina. Mwaka 1999 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye. Hukumu ilimwangukia mtu, haikuuangukia ufukwe. Tena, wauaji walitaka watu fulani wasiishi tena pale. Tukiufanya ufukwe ule uwe mahali pa kifo tu, pasipo biashara, harusi wala watoto wanaoogelea, je, hatutakuwa tumewasaidia? Na kama furaha ingekatazwa kila palipomwagika damu, ingebaki wapi katika nchi hii?

Hoja hii ya pili inanivuta zaidi, lakini ina kasoro: inathibitisha mno. Kama mahali si kitu, basi mtu angeweza kufanya sherehe ya kuzaliwa kwenye ngazi za kumbukumbu, na hakuna mwenye akili timamu atakayekubali hilo. Kwa hiyo mahali pana haki yake. Nadhani haki hiyo haimo katika udongo, imo katika uhusiano. Kaburi kwa mpita njia ni ardhi iliyoinuka kidogo. Kwa mtoto wa marehemu ni mama yake. Tunapaheshimu mahali kwa sababu tunawaheshimu walio hai ambao wapenzi wao wamelala hapo.

Tutazame pia Zanzibar. Pale Mkunazini, penye soko la watumwa la zamani, lilijengwa kanisa kuu la Waanglikana. Wageni huingia katika vyumba vya chini, husikiliza historia, na jioni hurudi ufukweni. Kosa liko wapi? Sioni kosa katika kurudi ufukweni. Kosa hutokea pale mateso yanapogeuka kuwa kipande cha burudani, yakawekwa kati ya chakula cha mchana na safari ya boti, ili mgeni apige picha na kuendelea.

Sisi Wanyarwanda tumelijibu swali hili kwa namna yetu: hatukugawa mahali, tumegawa wakati. Kuanzia tarehe 7 Aprili, kwa juma zima la maombolezo, muziki wa starehe hunyamaza nchini. Ufukwe ni uleule, lakini siku hizo ni za marehemu. Naona huu ni uamuzi wa busara, maana unamruhusu mvuvi aishi na mfiwa alie, wote kando ya ziwa moja.

Hata hivyo, kalenda haimalizi deni. Huzuni ya aliyenusurika haingoji Aprili. Inaweza kumjia mwezi wa Agosti, anaposikia kelele za walevi chini ya kanisa. Hapo sheria imefika mwisho wake, na linalobaki ni adabu ya mgeni mwenyewe: ajue alipofika kabla hajafika, aulize, apunguze sauti, na asimlazimishe mwenyeji kutabasamu.

Kipimo changu ni hiki. Starehe ni halali pale ambapo unaweza kumweleza aliyepoteza ndugu zake hapo unachokifanya, bila kuona haya. Ndugu msomaji, mahali pengine kipimo hiki kingekuwa zoezi la kufikiri tu. Huku Kivu mtu huyo yupo kweli. Huenda ndiye anayekukaangia sambaza, au ndiye aliyekupa mkono ulipopanda boti pale gatini.