Kwa mjukuu anayekaa dawati la nyuma

Mjukuu wangu, kile kisa cha Kijapani ulichokuwa ukinitafsiria kwenye simu nimekisikiliza kwa makini, maana niling'amua kwamba ukimtaja Tomoko unajitaja na wewe. Waliokitunga ni wawili, mmoja mwandishi na mwenzake mchoraji, wanatumia jina moja la Nico Tanigawa, na walianza kukitoa mwaka 2011. Tomoko ni binti anayeingia sekondari akiamini atapendwa na kila mtu. Miezi inapita, hana wa kuzungumza naye, mpaka anamfuata mdogo wake chumbani ili apate wa kufanyia mazoezi ya kuongea.

Wewe nawe umeingia kidato cha kwanza hapa Mahege ukiwa mtoto wa dungu. Umekua ukiamia mpunga, kutwa unafukuza ndege, usiku unasikilizia nguruwe, na huko hakuna anayekulazimisha kusema. Leo uko darasani na watoto wa vijiji vingine, na masomo karibu yote ni Kiingereza. Anayejua jibu anainama asije akachekwa matamshi. Kimya cha namna hiyo si ugonjwa, na asikwambie mtu kuwa umerogwa au unaringa.

Ninalokuonya ni jingine. Tomoko alipozoea upweke alikuwa akiwatukana wenzake kimoyomoyo, hata waliokuwa hawajamkosea. Hapo ndipo nilipomhurumia zaidi. Mpweke akianza kuwadharau watu anaotamani wampende, amejifungia mlango kwa ndani. Nawe juzi nimekusikia ukisema wanafunzi wenzako hawana akili. Wanazo, mjukuu wangu. Wengi wao wanaogopa kama wewe, ila wao woga wao wanauficha kwa kelele.

Sasa tazama kilichomsaidia. Mwaka wa pili shule yao ilikwenda ziara Kyoto, naye akawekwa kundi moja na Yuri, binti asiye na maneno mengi, na Yoshida, ambaye wenzake walimwogopa kwa ukali wake. Hawakuwa marafiki. Walitembea pamoja, wakalala pamoja, wakaudhiana, na baada ya safari ile ndipo mazoea yalipoanza kuota, polepole sana. Nawasifu watunzi kwa kutokuharakisha.

Kwa hiyo usihangaike na kundi kubwa linalocheka wakati wa mapumziko. Angalia nani mwingine amebaki peke yake. Siku ya zamu ya maji, dumu la lita 20 mkilipitisha mti mkalibeba wawili, maneno yatakuja yenyewe: ngoja, shusha, badili bega. Hayo yanatosha kwa siku ya kwanza. Kesho yake msalimie kwa jina lake. Mkipewa kitabu kimoja watu watatu, muulize pale usipoelewa, maana mtu hufurahi akiombwa msaada. Akikujibu kwa mkato, usimwekee kinyongo. Huenda naye anajifunza kuongea.

Ila kuna kimya kingine. Kama mtu anakupiga, anakunyang'anya vitu vyako au anakushika usivyotaka, hiyo si haya, wala usivumilie kwa kuogopa kuitwa mchongezi. Niambie hata kama ni usiku wa manane. Asubuhi tutaongozana mimi na wewe mpaka kwa mwalimu wa malezi, na nitakaa hapo mpaka umalize kusema.